Rashidi Kawawa, Mchezaji wa Muhogo Mchungu

Kidichi, kijiji kilichokaa juu ya vilima nyuma ya Bububu, aghalabu hutajwa katika tarikhi ya Unguja kwa ajili ya hamamu aliyoiamrisha Seyyid Said bin Sultan mwaka 1850 kwa raha ya mkewe Shehrzad, mjukuu wa Shah wa Uajemi; na wageni wafikapo huoneshwa nakshi za maua na ndege zilizomo kutani, wakapitishwa mashamba ya mikarafuu na viungo, kisha wakarejea mjini kabla ya magharibi. Watu waliolima muhogo kando ya hamamu hiyo, wakachuma karafuu za matajiri na kuteremka sokoni na vikapu vyao, hawakupata nafasi katika tarikhi hiyo ila pembezoni. Naanzia kwao kwa sababu mtu wa shamba, aingiaye mjini kwa imani na kukutana na ayari, ndiye aliyempa heshima mchezaji wa sinema ninayekusudia kumtaja, Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye wengi wetu tunamjua kwa vyeo vyake vya dola tu.

Mtu wa Kidichi aliyeteremka mjini siku za Idi katika zama za Waingereza, akavaa kanzu yake njema na kulipa kiingilio, alikuta starehe kubwa iliyotoka mbali. Jumba la sinema la Royal, ambalo baadaye liliitwa Majestic, lilikuwapo Vuga tangu mwaka 1921, na mengine yakafuata. Na katika kitambaa cheupe cha majumba hayo mtu huyo aliwaona Wamisri, akamsikia Umm Kulthum na Mohamed Abdel Wahab, akawaona Wahindi, hata Raj Kapoor katika Awara ya mwaka 1951, mzururaji mwenye viatu vibovu na moyo mwema. Alicheka, alilia, na nyimbo alizichukua hadi kitandani mwake. Lakini mtu mwenye sura yake, mwenye jembe lake, asemaye kwa lugha ya mama yake, ilikuwa nadra kumwona pale.

Palikuwapo, ni kweli, picha zilizotengenezwa Afrika ya Mashariki kwa ajili ya Waafrika. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, Meja Leslie Notcutt na Geoffrey Latham walitengeneza picha 35 kwa fedha ambazo sehemu kubwa yake ilitoka katika hazina ya Carnegie ya Marekani, wakazungusha gari lao Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Makusudio yao yalikuwa mafunzo: weka akiba posta, tunza ng'ombe, jihadhari na maradhi. Na baada yao, kitengo cha sinema cha makoloni kilichoundwa London mwaka 1939 kiliongozwa na William Sellers, aliyeshikilia kuwa macho ya Mwafrika hayawezi kufuata picha iendayo mbio, na kwamba ni lazima kila jambo lioneshwe polepole, bila ya mbinu, kama afundishwavyo mtoto. Maneno hayo yalikuwa dhulma, na hoja ya kuyakanusha ilikuwa papa hapa Unguja, ambako umma uliokuwa ukifuata Misri na Bombay bila ya kupotea njia ulikwisha kuzijua mbinu zote za sinema.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Serikali ya Tanganyika, ikishirikiana na kampuni ya African Film Productions ya Afrika ya Kusini, ilianza kutengeneza hadithi ndefu za Kiswahili, na katika hadithi hizo, zikiwamo Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi, ndimo alimozuka Kawawa. Alizaliwa tarehe 27 Mei 1926 katika nchi ya Songea, mwana wa msasi wa tembo. Alisoma Liwale, kisha Dar es Salaam, kisha skuli ya Serikali ya Tabora, akafanya kazi ya ukarani wa hesabu, na baadaye akaingia katika idara ya maendeleo ya jamii, kazi iliyomtaka akae na watu, awasikilize, awafundishe watu wazima kusoma. Nionavyo mimi, hapo ndipo alipojifunza uchezaji, maana mtu hawezi kuuiga mwendo wa mzee asiyewahi kuketi naye.

Muhogo Mchungu ni kisa cha mshamba aliyekwenda mjini akaangukia mikononi mwa matapeli, na Kawawa ndiye aliyekuwa mshamba huyo. Kumvaa mtu wa namna hiyo ni kazi ngumu kuliko idhaniwavyo. Mchezaji asiyejua huzidisha: hupanua mdomo, hukokota miguu, huvaa suruali iliyopinda, na hadhira humcheka kwa dharau, kisha ikamsahau. Mchezaji mwenye fani humwachia mshamba akili zake zote, akaonesha kwamba kosa lake ni kuamini tu, kwa kuwa amelelewa mahali ambapo jirani hamwibii jirani na ahadi ya mdomo yatosha kuwa hati. Hapo hadhira hucheka, na katikati ya kicheko ikajiuliza ni nani hasa aliyefedheheka, aliyedanganywa au aliyedanganya. Aina hii ya mchezaji, ambaye hategemei uzuri wa sura wala wimbo, bali hulka moja aliyoichunguza hata akaijua mishipa yake, ni adimu katika kila taifa.

Muda wake mbele ya kamera ulikuwa mfupi. Mwaka 1955 alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika, mwaka uliofuata akaacha kazi ya Serikali, na tarehe 22 Januari 1962, Mwalimu Nyerere alipojiuzulu, akawa Waziri Mkuu. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 Sheikh Abeid Amani Karume alikuwa Makamu wa Kwanza wa Rais na Kawawa akawa wa Pili. Mambo hayo yameandikwa mara nyingi, na mimi sina haja ya kuyarefusha, isipokuwa moja: mwezi Januari 1967 ni yeye Kawawa aliyetoa agizo kwamba shughuli za Serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili likaundwa kwa sheria. Waandishi wa siasa huliona agizo hilo kuwa ni la kiongozi tu. Mimi naamini ndani yake umo pia ushahidi wa mchezaji, mtu aliyekuwa amesimama ndani ya lugha hii mbele ya umma, akajua inavyoweza kubeba hila, huzuni, mzaha na heshima pasipo kuazima ulimi wa mtu.

Kawawa alifariki tarehe 31 Desemba 2009, nchi ikamlilia kwa jina la Simba wa Vita. Mshamba wake hakufa. Said Ngamba, yaani Mzee Small, na Amri Athumani wa Tanga, yaani King Majuto, walimtembeza jukwaani na katika kanda za video kwa miaka mingi, na jina lenyewe la Muhogo Mchungu likavaliwa na mchezaji wa televisheni Abdallah Mkumbila. Hao wametukuzwa kwa haki. Lakini aliyewatangulia bado ametengwa na safu yao, kana kwamba ukubwa wa dola umemwondolea haki ya kuitwa msanii.

Tamasha la Nchi za Jahazi, tamasha la sinema lililoanza Unguja mwaka 1998, lina desturi njema ya kupeleka sinema vijijini. Nawaomba wakuu wake wazitafute picha hizo za Kawawa popote zilipohifadhiwa na wazioneshe mashamba, Kidichi ikiwa miongoni mwa vijiji hivyo, mbele ya wakulima waliomzaa mshamba yule. Na nawaomba walimu wa sanaa katika vyuo vikuu vyetu, vya Unguja na vya Dar es Salaam, wamsomeshe Kawawa katika darasa la uchezaji kama asomeshwavyo katika darasa la siasa. Nawe msomaji, ikiwa nyumbani kwenu yupo mzee aliyewahi kuiona Muhogo Mchungu, kaa naye, umwulize alicheka wapi, uyaandike maneno yake.