Walinzi Waliogeukia Figo

Katika karne ya 19, daktari Richard Bright wa hospitali ya Guy's, London, alieleza kipimo chepesi: mimina mkojo kwenye kijiko, kishike juu ya mshumaa. Mkojo wa wagonjwa wake waliovimba uso na miguu uliganda ukawa mweupe kama ute wa yai. Ilikuwa protini iliyovuja. Walipofariki, aliwapasua akakuta figo zimeharibika. Ugonjwa ukaitwa kwa jina lake, lawama zikatupiwa baridi na pombe.

Mshukiwa mwingine alijitokeza Japani miaka ya 1930. Matazo Masugi aliwachanja bata kwa figo za sungura zilizosagwa, kisha akachukua seramu ya bata hao akawadunga sungura. Figo za sungura zikashika uvimbe, na hapakuwa na kijidudu chochote. Kingamwili zilizokuwa ndani ya seramu hiyo zilitosha.

Lakini kingamwili hukamata tu, nani anayebomoa? Jibu lilichelewa, kwani figo za watu zilichunguzwa zaidi maiti ikishalazwa mezani. Mwaka 1951, Poul Iversen na Claus Brun wa Copenhagen walitangaza njia ya kuchota kipande cha figo kwa sindano mgonjwa akiwa hai.

Katika visa vikali, hadubini ilionyesha rundo la seli lenye umbo la mwezi mchanga, limekibana kichujio cha figo hadi kinasinyaa. Kwa miongo mingi wataalamu walishikilia kwamba seli hizo ni za ukuta wa kichujio chenyewe, zimezaana kupita kiasi. Mwaka 1976, Robert Atkins na wenzake wa Melbourne walivitenga vichujio vya wagonjwa, wakaviotesha maabara na kutazama kinachotoka. Zilitoka makrofaji, seli za kinga zilizoingia kutoka kwenye damu. Wataalamu wale wa awali hawakukosea kabisa, maana seli za ukuta zimo pia, pamoja na seli T za kinga. Walichokosa ni kumwona mgeni.

Ndiyo maana leo wagonjwa wengi wa uvimbe huu wa figo hupewa prednisolone inayotuliza kinga, au rituximab inayopunguza seli B, chanzo cha kingamwili. Dawa hizi hutuliza uvimbe, ila kovu likishaota ndani ya figo haziliondoi. Kwa hiyo ukiona mkojo una povu lisiloisha, au umekuwa rangi ya chai ya rangi, au uso unavimba kila uamkapo, wahi kituo cha afya upimwe mkojo na shinikizo la damu.