Saruji yenye majivu si saruji feki

Kama kwenu kuna nyumba inayojengwa kwa pesa mnazotuma, maneno haya umeshayasikia: "Hiyo simenti feki, wameichanganya na majivu." Kwenye kipindi cha wiki hii yalijirudia mara kadhaa. Mimi ni mhandisi wa ujenzi hapa Uingereza, na ukweli ni kwamba majivu hayo yametumika kujengea kabla saruji tunayoijua leo haijakuwepo.

Tuanze na Warumi. Karibu na Naples kuna mji wa Pozzuoli, ndiko lilikotoka jina pozolana. Chokaa tupu hukauka kwa hewa, kwa hiyo chini ya maji haishiki. Warumi waliichanganya na majivu ya volkano. Silika iliyomo kwenye majivu huungana na chokaa na maji, mchanganyiko ukaganda hata baharini. Herode alipojenga bandari ya Kaisaria, miaka 2,000 na zaidi iliyopita, majivu hayo yalisafirishwa kwa meli kutoka Italia. Na kuba la Pantheon kule Roma, lenye upana wa mita 43 hivi, limesimama tangu karne ya 2 bila nondo hata moja.

Sasa njoo huku kwetu. Kwenye mwamba wa Eddystone, baharini nje ya Plymouth, mnara wa taa ulibebwa na dhoruba mwaka 1703, na mwingine ukaungua 1755. Kazi ya kujenga upya akapewa John Smeaton. Alijaribu chokaa za kila aina, mwisho akachanganya chokaa na pozolana ya Civitavecchia, Italia, nusu kwa nusu. Taa ikawashwa 1759. Mnara ulidumu zaidi ya miaka 100, na ulipoondolewa tatizo lilikuwa mwamba wa chini ulioliwa na mawimbi. Sehemu yake ya juu iko Plymouth mpaka leo, unaweza kwenda kuipanda. Joseph Aspdin wa Leeds alikuja kusajili saruji ya Portland mwaka 1824.

Nyumbani, Bonde la Ufa limejaa mawe na majivu ya volkano, na viwanda vya Kenya na Tanzania huyasaga pamoja na klinka. Klinka huchomwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, kwa hiyo ukiipunguza unaokoa mafuta na unapunguza hewa ukaa. Wala hakuna siri, soma mfuko. CEM I ni karibu klinka tupu. CEM IV ina pozolana, na ile ya IV/B huwa nayo asilimia 36 hadi 55. Namba 32.5 au 42.5 ni nguvu yake baada ya siku 28.

Ila kuna jambo moja: pozolana hushika polepole. Inahitaji kumwagiliwa maji siku nyingi zaidi, na mbao zisifunguliwe haraka. Zege likikauka mapema litakuwa dhaifu, halafu lawama zote anabebeshwa mwenye kiwanda.

Basi ukipiga simu nyumbani, muulize fundi mambo mawili: mfuko umeandikwa nini, na zege linamwagiliwa siku ngapi? Kwa nguzo na slabu, mhandisi wa huko ndiye aseme saruji ipi itumike, kabla hujatuma pesa.