Kamiriithu, 1976–1982: Utungo wa Umma na Swali la Mtunzi

Utangulizi

Jalada la tamthilia ya Ngaahika Ndeenda lina majina mawili: Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Aghalabu wahakiki wameipokea kuwa ni kazi ya watunzi hao wawili, wakaichambua kwa dhamira, wahusika na itikadi, kama inavyochambuliwa tamthilia yoyote iliyoandikwa na mtu mmoja chumbani mwake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya utungo huo haiafikiani na desturi hiyo. Watu wa kijiji cha Kamiriithu, ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuandika wala kuigiza, walishiriki katika kuutunga, na mchango wao ulihusu lugha yenyewe ya tamthilia. Aidha, itadaiwa kwamba serikali iliyoupiga utungo huo marufuku ilitambua jambo hili mapema kuliko wataalamu wa fasihi.

Kijiji na kituo chake

Kamiriithu iko Limuru, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka Nairobi. Kijiji hicho kilizaliwa wakati wa Hali ya Hatari, katika miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipowakusanya watu mahali pamoja ili kuwatenga na wapiganaji wa Mau Mau. Baada ya uhuru wa 1963 kiliendelea kuwa makao ya wakulima wenye vipande vidogo vya ardhi, vibarua wa mashamba ya chai, na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata kilichokuwa jirani.

Kwa mujibu wa maelezo ya Ngũgĩ wa Thiong'o, mwaka 1976 mwanamke mmoja wa kijijini alimwendea nyumbani kwake mara kadha wa kadha, akimhimiza ashirikiane na wenzake kufufua kituo cha kijiji. Kazi ya kwanza ya kituo ilikuwa kisomo cha watu wazima, ambacho Ngũgĩ wa Mirii, mtafiti katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Wanafunzi walipokwisha kujua kusoma na kuandika, waliuliza watasoma nini. Hapo ndipo tamthilia ilipoagizwa.

Ombi hilo halina budi kutazamwa pamoja na hali ya sanaa ya maonyesho mjini Nairobi. Jumba la Taifa la Maonyesho, lililofunguliwa mwaka 1952, lilikuwa bado limetawaliwa na michezo ya kigeni kwa lugha ya Kiingereza. Mnamo Oktoba 1976 The Trial of Dedan Kimathi, ya Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo, na Betrayal in the City, ya Francis Imbuga, zilipata siku chache tu jukwaani humo, na hizo zilipatikana kwa mvutano. Watu wa Kamiriithu hawakuomba nafasi katika jumba hilo. Walijenga jukwaa lao wenyewe, la wazi, lenye kuchukua watazamaji zaidi ya 2,000, na mchoro wake wa kwanza waliupanga ardhini kwa njiti za kiberiti.

Muswada mbele ya kikao

Watunzi wawili waliotajwa waliombwa waandike muswada wa awali, na kufikia Aprili 1977 ulikuwa tayari. Kisa chake kinajulikana: Kĩgũũnda, kibarua mwenye ekari moja na nusu, ananyang'anywa ardhi hiyo kwa hila za tajiri Ahab Kĩoi na mkopo wa benki. Lakini muswada huo ulikuwa mwanzo tu. Katika miezi iliyofuata ulisomwa mbele ya wanakijiji, ukajadiliwa na kurekebishwa. Mazoezi yalianza Juni, nayo yalifanywa hadharani, kila apitaye akiwa na ruhusa ya kutazama na kusema.

Marekebisho hayo yalikuwa ya namna tatu. Kwanza, yalihusu rejista. Wazee waliwakosoa wasomi kwa kumpa mhusika mzee maneno ya kijana, au kumnyima methali ambazo mtu wa umri wake asingeacha kuzitumia. Pili, yalihusu maarifa ya kazi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wafanyakazi wa kiwandani ndio waliofafanua hatua za kazi yao, na kukokotoa tofauti baina ya ujira wa mfanyakazi na thamani ya bidhaa anazozalisha. Hesabu hiyo iliingia katika usemi wa mhusika. Tatu, yalihusu fani. Utanzu wa gĩtiiro, ambao ni majibizano ya kuimba katika sherehe za ndoa, ulifundishwa neno kwa neno na mwanamke asiyejua kusoma. Bila yeye sehemu hiyo ya tamthilia isingekuwapo.

Yaweza kupingwa kwamba ushahidi wa mambo haya unatokana kwa kiasi kikubwa na mmoja wa waandishi wenyewe, na kwamba msomi huweza kuutukuza umma kupita kiasi. Pingamizi hilo lina uzito, lakini halitoshi. Ushahidi wa mtu anayejipunguzia sifa si sawa na wa mtu anayejiongezea. Tena matukio yaliyofuata yanauthibitisha kwa njia nyingine.

Kilichopigwa marufuku

Maonyesho yalifunguliwa Jumapili, tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walikodi mabasi na teksi kutoka mbali ili kuyatazama. Tarehe 16 Novemba leseni ilifutwa na Mkuu wa Wilaya ya Kiambu. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa mwishoni mwa Desemba, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa hadi Desemba 1978.

Jambo linalostahili kuzingatiwa ni kwamba mwaka 1980 tamthilia ileile ilichapwa kwa Kigikuyu na shirika la Heinemann, ikauzwa madukani. Mwaka 1982 ikatoka kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili ikiitwa Nitaolewa Nikipenda. Maneno yaliruhusiwa kusomwa. Yaliyozuiliwa ni maonyesho, yaani wenyeji kukusanyika na kuyasema kwa vinywa vyao. Kama hatari ingekuwa katika fikra za waandishi wawili peke yake, kitabu kingetangulia kuzuiliwa.

Mkasa wa pili unaafikiana na huo. Kikundi kilitayarisha Maitũ Njugĩra, tamthilia ya nyimbo kuhusu unyonge wa mfanyakazi chini ya ukoloni, iliyokusanya nyimbo za lugha mbalimbali za Kenya. Mnamo Februari 1982 waigizaji walikuta milango ya Jumba la Taifa imefungwa. Wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako watu kwa maelfu walihudhuria mazoezi kabla hayo nayo hayajazuiliwa. Tarehe 11 Machi usajili wa kituo ulifutwa. Siku iliyofuata polisi walibomoa jukwaa la Kamiriithu. Waandishi wote wawili waliishia uhamishoni.

Hitimisho

Mnamo Mei 2022 Ngaahika Ndeenda iliigizwa katika Jumba la Taifa, kwa Kiingereza na kwa Kigikuyu. Ilikuwa haki iliyochelewa, na ilipokewa kwa furaha. Hata hivyo, walioiigiza walijifunza maneno yaliyokwisha kukamilika, ambapo wale wa 1977 walikuwa wakiyatunga huku wakiyasema.

Tofauti hiyo inawahusu wanafunzi wa lugha za Kiafrika moja kwa moja. Vikundi vya ridhaa, mijini na vijijini, huacha nyuma matini yenye jina la mtu mmoja au wawili, kwa sababu mchapishaji huhitaji jina. Mtafiti anayeanzia jaladani hurithi upungufu huo. Kwa upande wa Kamiriithu, maelezo ya kikao yaliandikwa, ndiyo maana leo tunajua kwamba palikuwa na mwanamke aliyefundisha gĩtiiro. Jina lake halimo jaladani. Vikundi ambavyo wanachama wake wangali hai vinafaa kuhojiwa sasa: nani alisahihisha neno gani, na kwa nini lilikubaliwa.