Wiki ya Kwanza ya Uzamili: Mwanafunzi wa Kizwite na Mji Mgeni

Wiki ya kwanza ya uzamili ni kipindi ambacho kwa kawaida huanza mwanafunzi anapofika mji wa chuo na hukoma anapokuwa na vitu vitatu: namba ya usajili, chumba chenye uhakika, na jina la mhadhiri atakayesimamia utafiti wake. Huitwa wiki kwa mazoea. Urefu wake halisi hutegemea ofisi na mfuko. Kipindi hiki kitofautishwe na wiki ya utambulisho ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada ya awali, ambayo ina ratiba, ukumbi na wenyeji wa kuwapokea wageni. Mwanafunzi wa uzamili huhesabiwa kuwa mtu mzima anayejua njia, na ugumu wake huanzia hapo.

Katika ngazi za tuzo zinazotambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya kwanza ni ngazi ya 8, uzamili ngazi ya 9 na uzamivu ngazi ya 10. Uzamili wenyewe ni wa namna mbili: wa kozi na tasnifu, na wa tasnifu pekee. Tofauti hii huonekana tangu siku ya kwanza. Mwanafunzi wa kozi hupewa ratiba ya vipindi, hivyo hukutana na wenzake darasani hata asipowatafuta. Mwenye tasnifu pekee hana darasa, na asipogonga mlango wa msimamizi hakuna atakayejua kwamba amefika.

Kata ya Kizwite, iliyo ndani ya Manispaa ya Sumbawanga mkoani Rukwa, ina wanafunzi wa uzamili wa aina tatu: mkaazi, mtafiti na mhamaji.

Mkaazi ni yule anayesoma bila kuhama. Kwa kawaida ni mtumishi, mara nyingi mwalimu, aliyejiunga na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye kituo cha mkoa Sumbawanga. Yeye hana stendi wala dalali katika wiki yake ya kwanza. Kazi yake ni kugawa saa zilezile za nyumbani na kazini.

Mtafiti ni mwanafunzi wa chuo cha mbali anayekuja Ufipa, nyanda za Rukwa ilipo Sumbawanga, kukusanya data. Kwake, wiki ya kwanza ni wiki ya barua. Barua ya chuo hupelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Kutoka hapo kibali hushuka wilayani, kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa mtendaji wa kata, na mwisho kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Mgeni kutoka nje ya nchi huanza juu zaidi, kwenye Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Ufipa imezoea wageni wa aina hii. Mwanaanthropolojia Mwingereza Roy Willis alifanya utafiti hapa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1981 alichapisha kitabu kuhusu historia ya dola za Wafipa. Barua ni lazima, lakini haifungui mdomo wa mzee wa kijiji. Kinachoufungua ni salamu isiyo na haraka, na mtafiti anayetoa dodoso kabla ya kujuliana hali hupata majibu mafupi.

Mhamaji ndiye mwenye wiki nzito kuliko wote. Huyu ametoka Kizwite kwenda Mbeya, Morogoro, Dodoma au Dar es Salaam. Mfano wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichoko Morogoro, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1984, unafaa kueleza hali yake, kwa kuwa kilimo ndicho kinachowavuta vijana wengi wa nyanda hizi. Basi hutoka Sumbawanga kwa barabara ya lami, takriban kilomita 220 hadi Tunduma, kisha hupita Mbeya, Makambako, Iringa na Mikumi. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800; Morogoro iko kwenye takriban mita 500, chini ya milima ya Uluguru. Sweta inayohitajika Ufipa mwezi Julai hukaa begini, na chandarua huwa kitu cha kwanza kununuliwa.

Jambo lisiloandikwa katika barua ya udahili ni msimu. Vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba, wakati ambapo Ufipa inaandaa mashamba na kusubiri mvua zinazoanza Novemba. Familia inayolima mahindi na maharage hutafuta mbolea na ada kwa wakati mmoja, kutoka mfuko mmoja: magunia yaliyouzwa baada ya mavuno, ama kwa wafanyabiashara, ama kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA). Bei ikiwa mbaya, kinachopungua kwanza ni ada. Wanaochelewa kusajiliwa hudhaniwa kuwa wazembe. Wengi wao walikuwa wakingoja gunia linunuliwe.

Usajili una sehemu mbili, malipo na uhakiki. Malipo hufanywa kwa kontroli namba, benki au kwa simu. Uhakiki hudai vyeti halisi, yaani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya sekondari, cheti cha shahada na transkripti, pamoja na picha za pasipoti, fomu ya uchunguzi wa afya na uthibitisho wa bima ya afya. Mtumishi wa umma huongeza ruhusa ya mwajiri, ambayo kwa desturi haitolewi kabla ya kuthibitishwa kazini. Nakala zilizothibitishwa na wakili zina matumizi yake, ila hazichukui nafasi ya vyeti halisi. Cheti kilichosahaulika Kizwite hurudi kwa basi, kwa mkono wa kondakta.

Makazi ni ya aina tatu. Hosteli ya chuo ni nafuu, lakini nafasi za uzamili ni chache, na haimfai mwenye familia. Kukaa kwa ndugu hakuna kodi, ila kuna wajibu: mgeni husaidia kazi za nyumbani, na saa ya kuzima taa huamuliwa na mwenyeji. Chumba cha kupanga ndicho wengi huishia nacho. Hapa yatofautishwe chumba cha kawaida, chenye choo cha pamoja uani; chumba masta, chenye choo ndani; na chumba na sebule. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali huchukua fedha inayolingana na kodi ya mwezi mmoja. Kabla ya kulipa, mambo manne huulizwa: mita ya umeme (LUKU) ni ya peke yake au ya kuchangia, maji hutoka siku zipi, lango hufungwa saa ngapi, na mkataba huandikwa mbele ya nani. Mkataba uliopita ofisi ya serikali ya mtaa una nguvu kuliko maneno ya uani, na humtambulisha mpangaji kwa mwenyekiti siku hiyohiyo.

Sehemu ya kitaaluma ndiyo fupi kwa saa na ndiyo huahirishwa zaidi. Ina watu watatu wa kuonana nao: mratibu wa uzamili wa idara, mkutubi na msimamizi. Mkutubi hupuuzwa bila sababu. Ndiye anayempa mwanafunzi njia ya kufikia majarida yaliyolipiwa na chuo, na katika maktaba kama ile ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, nusu saa naye huokoa miezi. Msimamizi huombwa mapema, kwa ukurasa mmoja wa wazo la utafiti. Mwanafunzi kutoka Ufipa hana haja ya kuazima wazo: namna Wafipa wanavyofukia majani ndani ya matuta ili yaoze na kurutubisha udongo imewavutia wataalamu wa kilimo kwa miongo mingi, na bado ina maswali ya kutosha tasnifu kadhaa. Idara zibandike orodha ya wasimamizi na maeneo yao ya utafiti siku ya usajili, mlangoni, kwa Kiswahili na Kiingereza. Ni kazi ya karatasi moja, na mgeni asiyemjua mtu yeyote chuoni ndiye anayeihitaji zaidi.