Homa ya ini aina ya E: inavyoingia mwilini, na kwa nini mjamzito asisubiri

Mtu akionekana na macho ya njano, wengi wetu husema ana homa ya manjano. Jina hilo ni la ugonjwa mwingine, unaoenezwa na mbu. Macho ya njano ni dalili kwamba ini, nyongo au damu ina tatizo, na moja ya sababu zake ni homa ya ini aina ya E, tunayoieleza katika makala haya.

Virusi vyake hutoka kwenye kinyesi cha mgonjwa na kumwingia mwingine kwa njia ya mdomo, hasa kupitia maji. Hapa Usambara jambo hilo linatugusa. Vijiji vingi vya Lushoto viko kwenye miteremko: nyumba na vyoo juu, kijito bondeni. Mvua za masika zikinyesha, uchafu wa juu huishia kwenye maji ya walio chini. Maji ya mlimani huweza kuwa baridi na maangavu, lakini yasiwe salama.

Mwilini

Virusi hupita kwenye utumbo hadi kwenye ini na kuzaliana humo. Dalili hutokea kati ya wiki 2 na 10 baadaye, mara nyingi wiki ya 5 au ya 6, hivyo si rahisi mgonjwa kukumbuka maji aliyokunywa. Huanza na homa ndogo, uchovu, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula. Kinga ya mwili inaposhambulia seli zilizoambukizwa, ini huvimba na kuuma chini ya mbavu za kulia.

Kwa kawaida ini huondoa rangi ya njano inayotokana na chembe nyekundu za damu zilizochakaa, na kuipitisha kwenye nyongo. Ini likiumwa, rangi hiyo hubaki kwenye damu. Macho huwa njano, mkojo huwa kama chai ya rangi, na choo hupauka. Wengi hupona ndani ya wiki 1 hadi 6.

Mjamzito

Kwa mjamzito, hasa miezi 3 ya mwisho, ini linaweza kushindwa ghafla. Damu haigandi vizuri, sumu hufika kwenye ubongo, naye huchanganyikiwa au kupoteza fahamu. Shirika la Afya Duniani linasema hadi wajawazito 20 hadi 25 kati ya 100 wanaougua katika miezi hiyo wanaweza kufariki.

Wenzetu wa Kitgum, kaskazini mwa Uganda, waliyaona hayo. Mlipuko ulioanza mwaka 2007, katika eneo lililotoka vitani, uliwapata zaidi ya watu 10,000 na kuua takriban 160. Watafiti waliona maambukizi yakihusiana na maji ya mito, vyombo vya maji vyenye mdomo mpana, na kunawa wengi katika beseni moja. Beseni hilo tunalijua: ndilo linalozungushwa misibani na harusini.

Kinga na matibabu

Chemsha maji ya kunywa hadi yatokote, uyahifadhi kwenye chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko. Kwenye shughuli, mimina maji kwa jagi ili kila mtu anawe kwa maji yanayotiririka na sabuni. Nyama na maini ya nguruwe yaive kabisa, maana baadhi ya aina za virusi hivi hukaa kwa nguruwe.

Chanjo ya homa ya ini B wanayopewa watoto haikingi aina ya E. Chanjo ya E iliidhinishwa China mwaka 2011, na mwaka 2022 ilitumika Bentiu, Sudan Kusini, kukabili mlipuko.

Hakuna dawa maalumu kwa mgonjwa wa kawaida. Hupumzika na kunywa maji ya kutosha. Asitumie panadoli wala mitishamba bila ushauri wa mhudumu wa afya, maana ini lake tayari limeelemewa.

Lakini mjamzito mwenye macho ya njano, au mgonjwa yeyote anayetoka damu, kuchanganyikiwa au kusinzia kupita kiasi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Barabara za milimani ni ndefu. Safari ianze mapema.