Mwalimu au mtafiti? Swali lililonikuta Mwisenge

Wadau, likizo yangu ya mwaka huu niliimalizia Musoma, nyumbani kwa mama mdogo, Mwisenge. Mipango yangu ilikuwa miwili tu: kula sato na kulala. Siku ya kwanza, hata vyombo vya chakula cha usiku havijaondolewa mezani, mama mdogo akaja na kompyuta yake na kaunta buku tatu zilizochakaa pembe.

"Baba, wewe si ndiyo kazi yako kuandika? Kaa hapa. Wamenirudishia tena."

Waliorudisha ni chuo anakosomea shahada ya uzamili ya elimu. Kozi ni ya miaka miwili. Yeye alikuwa mwaka wa nne. Masomo ya darasani alimaliza zamani na alama nzuri. Kilichombakiza ni tasnifu.

Mama mdogo anafundisha darasa la pili katika shule moja ya msingi hapa mkoani Mara. Darasa lake lina watoto zaidi ya mia moja. Utafiti wake ulikuwa juu ya darasa hilo hilo: kwa nini wengi wanafika mwezi wa kumi bila kusoma sentensi, na yeye kama mwalimu wao afanye nini. Kwa wiki kumi na mbili aliwagawa kila asubuhi kwa dakika ishirini kulingana na uwezo wao wa kusoma. Alikata kadi za herufi kutoka kwenye maboksi ya sabuni. Kila jioni aliandika kwenye kaunta buku kilichotokea.

Pembeni mwa sura ya tatu, msomaji mmoja wa tasnifu yake alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu. Kwa kifupi alitaka kujua: wewe ni mwalimu wa watoto hawa, au ni mtafiti? Chagua moja.

Nilicheka. Mama mdogo hakucheka. Nikamwambia, mama, swali hili kuulizwa mtu wa Mwisenge ni kichekesho cha historia. Naomba niwaeleze na ninyi kwa nini.

Tuanze na shule. Mwaka 1934 mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, mwenye umri wa miaka 12, alitoka Butiama akaletwa kuanza shule hapa Mwisenge. Shule ilikuwa ya bweni. Kutoka Butiama mpaka Musoma ni kama kilomita 40, kwa hiyo hakuna kwenda na kurudi. Mwaka 1937 alikuwa ameshafika Tabora. Mengine mnayajua, lakini kuna kipande ambacho huwa tunakiruka tukikimbilia TANU na uhuru: kabla ya siasa, yule bwana alisomea ualimu. Alikuwa Makerere kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, akatoka na stashahada ya ualimu, akafundisha St. Mary's Tabora. Akaenda Edinburgh, akarudi na shahada ya M.A. ya mwaka 1952, akafundisha Pugu mpaka alipojiuzulu mwaka 1955. Tunapomwita Mwalimu tunadhani ni cheo cha heshima. Ilikuwa kazi yake.

Akiwa Makerere aliandika insha juu ya hali ya wanawake. Alichukua mawazo ya mwanafalsafa wa Kiingereza, John Stuart Mill, akayapima kwa maisha ya wanawake wa Kizanaki, yaani mama zake na dada zake. Baba yake alikuwa na wake wengi. Ushahidi wa kijana yule ulikuwa nyumbani kwao. Angekutana na yule mwenye kalamu nyekundu, sijui angeambiwa achague nini: wewe ni mtoto wa nyumba hii au ni msomi?

Sasa ruka mpaka Oktoba 22, 1966. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Rais aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha nyumbani zaidi ya 300. Miezi michache baadaye, Machi 1967, ikatoka Elimu ya Kujitegemea. Moja ya malalamiko yake ni kwamba shule zetu zinamtenga msomi na jamii yake, na zinamfundisha kwamba ujuzi unapatikana vitabuni na kwa watu waliosoma tu. Mzee wa kijijini anayejua mvua na mbegu anahesabika hajui kitu.

Miaka saba baadaye jambo hilo likaletwa Musoma. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana katika mji huu na kupitisha kile kinachoitwa Azimio la Musoma. Wengi wetu tulilikariri kwa ajili ya mtihani, tukalisahau siku ile ile. Lilikuwa na mambo mawili makubwa.

La kwanza: kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo Novemba 1977. Lengo la awali lilikuwa mwaka 1989, kwa hiyo miaka kumi na miwili ilikatwa kwa kikao kimoja.

La pili: mhitimu wa kidato cha sita asiende Chuo Kikuu moja kwa moja. Amalize JKT, kisha afanye kazi angalau miaka miwili, kisha aombe nafasi akiwa na maoni ya mwajiri wake, ya wafanyakazi wenzake na ya chama. Chuo kiwe cha watu wazima waliokwisha kuchafuka mikono.

Hilo la pili ndilo lililonifanya nicheke mezani. Hapa Musoma taifa liliamua kwamba mtu wa kukaribishwa chuoni ni yule anayekuja na swali kutoka kazini kwake. Nesi aje na swali la wodini, bwana shamba aje na la shambani, mwalimu aje na la darasani. Na leo mwalimu wa Musoma anaambiwa kwamba kuwa kazini ndiko kunakoutia utafiti wake doa!

Nisilipambe Azimio. Lilikuwa na makali yake. Maoni ya chama yangeweza kutumika vibaya, na barua ya bosi ikakufungulia au ikakufungia maisha. Kwa wanawake lilikuwa gumu zaidi, maana miaka miwili ya kazi iliangukia wakati ule ule wa kuolewa na kuzaa. Idadi ya wasichana walioingia Chuo Kikuu ikashuka, na mwaka 1976 sharti likalegezwa kwao. Baadaye utaratibu wote ukafifia.

Lakini wazo halikubaki kwenye makaratasi ya chama. Miaka ile ile Dar es Salaam ilikuwa inachemka. Mwaka 1971 Mbrazili Paulo Freire alifika kuzungumza na watu wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio, kujadili, kisha kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Budd Hall, aliyekuwa mtafiti katika taasisi hiyo, alianza kuona kwamba hojaji zake zinamwambia machache kuliko mazungumzo ya kawaida na wanakijiji. Naye Marja-Liisa Swantz kutoka Finland, aliyekuja Tanganyika mwaka 1952 kama mwalimu na kufundisha Ashira kule Marangu, alikuwa amemaliza udaktari wake mwaka 1970 juu ya Wazaramo baada ya kuishi nao kijijini. Aliporudi Chuo Kikuu aliwatuma wanafunzi vijijini wakafanye utafiti pamoja na wenyeji. Humo ndimo ulimotoka utafiti shirikishi, ambao leo unafundishwa dunia nzima, na wanaoandika historia yake wanaitaja Tanzania mapema kabisa.

Nje nako walikuwa wanafika huko kwa njia nyingine. Kurt Lewin, Mjerumani aliyehamia Marekani, aliandika mwaka 1946 juu ya utafiti unaokwenda sambamba na vitendo: unapanga, unatenda, unaangalia, unapanga upya. Uingereza, Lawrence Stenhouse aliandika mwaka 1975 kwamba haitoshi kazi ya walimu ichunguzwe na wengine, inabidi waichunguze wenyewe. Mwaka mmoja tu baada ya Azimio la Musoma! Siku hizi ni jambo la kawaida. Hata Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Aga Khan kilifungua taasisi yake ya elimu mwaka 2006, na walimu wanaosoma huko wameandika tasnifu nyingi za namna hii, wakiwa ndani ya shule. Kwa hiyo mama mdogo hakubuni uchawi.

Sasa turudi kwenye lile jambo la kwanza la Azimio, maana nalo limo katika kaunta buku zile.

Kuingiza watoto wote darasani kwa miaka mitatu kulihitaji walimu ambao hawakuwepo. Ikabidi kuchukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwafundisha ualimu wakiwa kazini, kwa masomo ya posta na ya redio, huku tayari wameshika chaki. Ndio hao walimu wa UPE ambao baba zetu wanawataja kwa kejeli. Watoto wa shule za msingi waliongezeka kutoka milioni 1.2 hivi mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lilikuwa jambo kubwa, tusilidharau. Bila hilo mama mdogo asingesoma, na mimi nisingekuwa hapa nawaandikia. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa mwalimu wa UPE. Anamkumbuka vizuri: alikuwa mkali, alikuwa na sauti, na alifundisha wale waliokaa mbele.

Tangu hapo tumerudia mwendo ule ule. Mwaka 2006 shule za kata zilipofumuka, vijana wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakapelekwa kufundisha, mitaani tukawaita "vodafasta". Mwaka 2016 michango ilipofutwa, madarasa yakafurika tena. Kila mara tunafungua mlango kwanza, halafu ndipo tunauliza nani yuko ndani wa kuwapokea watoto. Anayelijibu swali hilo ni mwalimu mmoja mwenye watoto mia na chaki nusu.

Usiku wa tatu mama mdogo alinionyesha ukurasa ambao alikuwa hajauweka kwenye tasnifu. Katika wiki ya kwanza aliamua kuweka alama ya tiki kwenye jina la kila mtoto aliyemwita kusoma. Ijumaa alihesabu. Katika watoto zaidi ya mia moja, alikuwa amewaita kumi na tisa. Wote wa madawati ya mbele.

"Nilimcheka mwalimu wangu miaka yote hii," akasema. "Kumbe nimekuwa yeye."

Nikamuuliza kwa nini hakuliandika. Akasema anaona aibu, na pia alishaambiwa asitumie neno "mimi", atumie "mtafiti". Sasa ataandikaje kwamba mtafiti aligundua mwalimu hawaiti watoto wa nyuma, wakati mtafiti na mwalimu ni mtu mmoja na aibu ni moja?

Kulikuwa na jambo la lugha pia. Watoto walisoma kwa Kiswahili, yeye akaandika kaunta buku kwa Kiswahili, hapa na pale Kijita, lakini tasnifu lazima iwe Kiingereza. Kuna mahali aliandika: "Leo amenyamaza, ila midomo inacheza." Katika tasnifu ikawa mtoto hakujibu. Mwalimu yeyote anajua hayo si mamoja. Yule wa midomo kucheza yuko karibu kusoma, mwachie siku mbili. Ile sentensi ya Kiswahili ilikuwa data, na kwenye tafsiri ikapotea.

Tulifanya kazi siku sita. Mimi nilinyoosha sentensi na kupanga kurasa, basi. Yeye aliamua kuandika "mimi". Ile hesabu ya kumi na tisa aliiweka mwanzoni mwa sura ya nne. Maneno ya watoto aliyaacha kwa Kiswahili chao, tafsiri chini yake. Na kwenye sura ya tatu alijibu kalamu nyekundu kwa aya moja, ambayo kiini chake ni hiki: mtafiti mgeni angekaa nyuma ya darasa siku tatu, na kwa siku hizo tatu ningeita watoto wote. Hiyo hesabu angeipata wapi?

Wiki mbili zilizopita alitetea. Amepita, na marekebisho madogo. Alinipigia simu akiwa stendi, anasubiri basi la kurudi Musoma, kelele tupu, nikasikia neno "nimepita" na mengine sikuyasikia.

Tasnifu nyingi za nchi hii huishia kabatini, na nyingi zinahusu watu ambao hawatazisoma kamwe. Hii nakala yake moja itakwenda maktaba ya chuo kama taratibu zinavyotaka. Nyingine, aliniambia, itakaa ofisi ya walimu, pamoja na zile kaunta buku tatu. Nilimuuliza nani atazisoma.

"Yule atakayepewa darasa la pili mwakani," akasema. "Aanze na ile ya tiki."