Taifodi na dawa zinazopokezana zamu

Ukisimama ufukweni Ngumbo, ng'ambo ya ziwa ni Malawi. Wewe utaulizwa pasipoti kuvuka, bakteria haulizwi.

Mwaka 1948, kule Malaya, madaktari waligundua kuwa kloramfenikoli inatibu taifodi, ile homa ya matumbo. Dawa hii huzuia bakteria kutengeneza protini. Ilikuwa ya bei nafuu, na Afrika iliitegemea kwa miongo mingi.

Kisha, kuanzia 2011, taifodi sugu ikafumuka Blantyre, Malawi. Ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli, zote ziligonga mwamba. Vinasaba vilionyesha uzao wa H58, wenye asili ya Asia Kusini. Na Tanzania umeshapatikana.

Zamu ikaangukia seftriaksoni, ya jamii ya sefalosporini. Yenyewe huvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria, kama ifanyavyo penisilini ya "sindano za masaa" unazozijua wodini. Lakini Pakistan, tangu 2016, kuna taifodi inayoishinda hata hiyo.

Kwa hiyo homa ikikushika, usikimbilie duka la dawa kudai sindano. Ulizia kipimo kwanza. Nyuma ya seftriaksoni, foleni ya dawa ni fupi.